Sifa za Bolti Yenye Haya

Washairi wa pwani wamesifu mnazi, jahazi na wanawake wasiojibu barua zao. Sijaona hata mmoja aliyeisifu bolti ya juu kabisa, ile inayoshikanisha giaboksi na injini ya Hilux. Acha niifanye kazi hiyo mimi, madhali oili ya gia bado imo sikioni.

Anayetaka kubadilisha klachi pleti uani kwake hana budi kushusha giaboksi. Unatoa waya wa betri, unang'oa mti wa gia ndani ya kebini, unafungua propela, oili inakumwagikia kifuani, unaondoa stata na silinda ndogo ya klachi. Jeki chini ya giaboksi, kisha soketi namba 17. Bolti za ubavuni hazina maneno. Inabaki yeye.

Sifa yake kuu ni stara. Ukichungulia kwa juu, injini imemkinga. Kwa chini, giaboksi imemfunika. Ubavuni, mabomba yamepanga mstari. Ni mwari aliyewekwa ndani: humwoni, unasimuliwa. Na kwa kuwa ana kwao, huendi mwenyewe, unatuma washenga. Mshenga mkuu ni soketi, nyuma yake jointi inayopinda, kisha ekstensheni juu ya ekstensheni, msafara unapita mgongoni mwa giaboksi hadi utokee nyuma kabisa, ndipo racheti ishike mkia wa ujumbe. Mtoto wa jirani anamulika tochi. "Imekaa?" "Imekaa, mjomba." Haijakaa. Binti amekataa, na washenga wote wameanguka sakafuni kwa kishindo. Posa inaanza upya. Mahari ni ngozi ya vifundo vya vidole, tena taslimu, hakuna kukopeshana. Siku akiridhia hutoa mlio mmoja, *krak*, na mke wangu aliyeko jikoni anajua leo nitakula kukiwa na mwanga.

Zaidi ya hayo, anapunguza kitambi. Tena anakusanya majirani, kila mmoja na ushauri wake, hakuna mwenye spana.

Lakini hivi, nani alimweka pale? Kiwandani injini na giaboksi huunganishwa kwanza, ndipo zinapoingizwa kwenye chesisi. Aliyemkaza alikuwa amesimama wima, pengine anapiga mluzi!

Basi, nimtendee haki mhandisi. Yeye alidhani tutamtembelea mwari huyu kwa nadra. Pleti nzuri, ikipata dereva asiyelaza mguu kwenye pedeli, hupita kilomita 100,000. Yangu haikuziona mvua mbili. Ilikuja ndani ya boksi linalong'aa, na muuzaji akaapa: "Orijino, bosi wangu. Japani kabisa." Pleti hubanwa kati ya flaiwili na presha pleti, na kila ukiondoa gari utando wake unavumilia joto la msuguano. Utando wa hii ulimeguka kama biskuti, ribiti zikajitokeza na kuikwangua flaiwili, ambayo sasa inataka kupelekwa kuchongwa. Nikarudi dukani. Nilikuwa bosi, nikawa mzee: "Mzee, mali ikishauzwa hairudi." Kisha, bila kuona haya, akanionyesha rafu ya juu: "Ungesema mapema unataka orijino yenyewe."

Orijino yenyewe! Kumbe kuna orijino, na kuna orijino yenyewe, na tofauti unaelezwa ukishalipia ya kwanza.

Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa tangu mwaka 1963. Kenya ilitunga yake dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008. Kwenye taarifa ya habari tunaonyeshwa shehena ikiteketezwa, moshi mweusi, viongozi wamevaa viakisi mwanga. Muuza duka hukamatwa, maana yeye ni bolti ya ubavuni, kila mkono unamfikia. Aliyeagiza kontena zima la pleti za gundi ana stara kumshinda mwari wangu. Jina lake halisomwi hata siku ya moto.

Ndugu wakaguzi, ekstensheni ndefu mnazo nyinyi, na zikipungua nitawaazima zangu. Anzeni na swali moja tu kwa yule muuzaji: mzigo huu ulinunua kwa nani?