Doa la Kilomita Milioni 11.6

Wanaume wenzangu wakipanda juu ya nyumba usiku, wamefuata dishi. Mimi nilipanda kutafuta nyotamkia, usiku wa kuamkia tarehe 16 Desemba 2018, na hadi leo hapa Tabata jina langu halijasafishika.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Ukisema nyotamkia, watu wanakuuliza, "Kimondo? Kama kile cha Mbozi?" Unaeleza kwamba cha Mbozi ni pande la chuma lililokwisha kuanguka zamani, tani 16 hivi, wakati hii ni barafu na vumbi vinavyolizunguka Jua. "Haya, na mkia uko wapi?" Hapo ndipo ninapoumia. Nyotamkia hafifu hazina mkia wa kumwonyesha mgeni. Ni kipande cha pamba, basi.

Hii ilikuwa 46P/Wirtanen, iliyogunduliwa California mwaka 1948. Hupita kila baada ya miaka mitano na ushee, na safari hiyo ilitukaribia hadi kilomita milioni 11.6, ambazo kwa mambo ya angani ni kugongana mabega. Tena ilikaa karibu na Kilimia, nyota ambazo wazee walizitazamia msimu wa kulima. Mtu angepoteaje? Waliopiga hesabu walisema mwangaza wake ni daraja la 4, na jicho tupu kwenye giza la kweli hufika la 6. (Namba ikipungua, mwanga unaongezeka. Msiniulize mimi.) Nilichopuuza ni kwamba mwanga wa nyotamkia haukai pamoja kama wa nyota. Huo ulitandazwa eneo la mwezi mpevu mzima: kijiko kimoja cha sukari kwenye pipa la uji.

Basi nikakaa kwenye zege la ghorofa langu lisiloisha, katikati ya nondo, na darubini ya mtumba ya macho mawili. Nadhani mimi ndiye mnunuzi pekee wa luku anayeomba umeme ukatike. Saa nne ukakatika! Kabla sijamaliza kushukuru, jirani akawasha jenereta na taa ya kutosha kuchezea ndondo.

Macho yanataka dakika 20 hadi 30 kulizoea giza. Kila nilipofika ya 15, mtu alinimulika na tochi ya simu: "Mzee, uko salama?" Kijana wa ulinzi shirikishi yeye hakujali usalama wangu. Alitaka kujua darubini inaangalia dirisha la nani.

Saa sita ikapita, mwezi nusu ukazama, jenereta likaishiwa mafuta. Nikaipata! Doa la kijivu. Kwenye picha za wenzetu ni kijani kama embe bichi. Langu lilikuwa rangi ya maji ya kufulia. Tena ukilikodolea linapotea. Sharti utazame kando kidogo, maana katikati ya jicho ndipo panaposhindwa na giza.

Nikamwamsha mwanangu. Akashika darubini, akaguna.

"Baba, kioo kichafu."

Nikafuta kwa pindo la shati. Akarudia yaleyale.

"Usiitazame yenyewe," nikamwambia. "Tazama pembeni."

Akatazama pembeni, na darubini yake. Kimya. Halafu akapiga ukelele uliosikika hadi barabarani:

"Naona! Kwa Mama Neema wametoka harusini, wanafungua pilau!"