Kwa Heshima ya Bati

Wapenda majengo husifu makuti, nyumba za matumbawe za Lamu na milango ya nakshi ya Unguja. Bati halijatungiwa hata ubeti. Leo nalisimamia mimi.

Kwanza, lina nasaba. Hataza yake ilitolewa Uingereza mwaka 1829 kwa Henry Robinson Palmer, mhandisi wa gati za London, aliyeona kwamba chuma chembamba kikitiwa mikunjo hujibeba chenyewe bila kuhitaji msitu wa boriti. Nguvu zote za bati zimo kwenye makunyanzi. Sisi ya kwetu twayapaka krimu.

Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, bati lilipanda nayo bara. Mchwa hawalitaki, na fundi mwenye nyundo na misumari aliweza kusimamisha stesheni mahali palipokuwa na miiba tu. Reli ikafika Nairobi mwaka 1899, na mji ukaota kwa mahema na mabati. Waheshimiwa wa ghorofani wakumbuke walikotoka.

Watasema lina joto. Ndiyo, saa nane mchana ndani ya stesheni ya bati hapakaliki. Ndiyo maana abiria wote hukaa barazani, habari zilipo. Watasema mvua ikinyesha hamsikilizani. Sawa, lakini ni nani mwingine aliyewahi kumnyamazisha mwalimu wa hesabu katikati ya kipindi?

Sasa twende Kima, stesheni ya Reli ya Uganda. J. H. Patterson, katika kitabu chake cha mwaka 1907 kuhusu simba wa Tsavo, anasimulia kuwa simba alirukia paa la stesheni hiyo akajaribu kung'oa mabati. Karani, aliyekuwa chini ya paa hilo na mashine ya simu ya maandishi, akawaarifu wakubwa wake kwamba simba anapigana na stesheni na msaada unahitajika upesi. Simba alishindwa. Alijikata miguu, akaacha damu juu ya paa na karani akiwa hai. Mwaka 1900, hapohapo Kima, ofisa wa polisi Charles Ryall alikuwa akimvizia simba kutoka ndani ya behewa. Usingizi ukamchukua, simba akaingia akamuua. Behewa lile limewekwa kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi. Yaani lililoshindwa limepewa heshima, na bati lililoshinda sijasikia likiandikiwa hata kibao!

Tangu 2017 abiria wa Mombasa hupanda treni ya reli mpya, SGR, huko Miritini, kwenye stesheni kubwa inayong'aa, wakikaguliwa na mbwa. Vituo vidogo vya reli ya zamani vimebaki na kutu yao na mbuzi kivulini. Havina ukaguzi wala foleni, na treni isiyokuja haichelewi.

Ombi langu ni kwa wanunuzi wa vyuma chakavu: mabati ya stesheni yakiletwa kwenye mizani yenu, muulizeni aliyeyaleta amekuja kwa treni gani.