Kigoda cha Kupandia Pikapu

Pikapu ilifika nyumbani Ijumaa saa kumi jioni. Kufikia saa moja usiku nilikuwa nimeshajaza kurasa mbili za daftari la hesabu la mmoja wa pacha wetu, zote orodha ya vitu vya kuiongezea. Vumbi la safari ya kutoka Dar sikuwa nimelifuta. Viti vya nyuma vilikuwa bado na nailoni zake, na nilikuwa nimetoa amri asiziguse mtu.

Niseme mapema kwa nini tuliinunua, kwa sababu kuna kipindi mimi mwenyewe nilisahau. Mama mkwe ana shamba Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru. Kabla yake lilikuwa la mama yake, na baada yake litakuwa la mke wangu. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na mkwe wa kiume huja na jembe lake, siku akiondoka huondoka na jembe lake. Wanalima kabichi, karoti, njegere na viazi, na mzigo hushushwa Morogoro mjini kwenye Soko la Chifu Kingalu. Miaka yote tulikodi gari. Mwenye gari akiamka vibaya, njegere zinalala shambani siku mbili, mnunuzi anazikuta zimenyauka na bei anapanga yeye. Ndipo tukaingia SACCOS, mkopo wa mke wangu mkubwa kuliko wangu, tukapata Hilux dabokebini mpya, dizeli ya lita 2.4, ya kuvuta magurudumu yote manne. Kazi yake kubeba mboga. Basi.

Balaa lilianzia kwenye simu. Kwa miezi mitatu tuliyosubiri mkopo, nilikuwa nakesha nikiwatazama Waaustralia wakivuka majangwa yao na pikapu zilizovikwa vyuma kama zinakwenda vitani. Wale wana haki yao. Mtu anaendesha siku nzima hajaona kijiji, na jua likizama kangaruu wanaanza kuruka barabarani. Ndiyo maana kampuni kama ARB ya Melbourne, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilijijengea jina kwa kutengeneza ngao za mbele za magari. Kutoka kwangu mpaka Mgeta hakuna kangaruu. Kuna mbuzi, bodaboda na watoto wa shule, na ngao ya chuma haimfai yeyote kati yao. Lakini saa saba usiku, kitandani, hoja kama hiyo haimjii mtu.

Mke wangu aliisoma orodha taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Ngao ya mbele. Winchi. Snokeli. Keria. Hema la kufunga juu ya paa. Betri ya pili. Tangi la pili la dizeli, lita 80. Kibanda cha kufunika bodi. Kunyanyua springi. Matairi makubwa. Taa sita.

"Baba Pacha, turubai liko wapi?"

"Turubai lipi?"

"La kufunika kabichi."

Turubai halikuwemo. Kamba pia haikuwemo.

Nilianza na snokeli, kwa sababu ndicho kitu kinachoonekana cha kiume kuliko vyote: bomba jeusi linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele, ili injini ivute hewa ya juu badala ya maji. Mke wangu aliuliza maji yapi. Hilux, kama ilivyotoka kiwandani, imeandikiwa kupita kwenye maji ya kina cha sentimita 70, na yeye mto wetu wa njia ya shambani anaujua kwa miguu, maana anauvuka na kitenge amekikunja. Akanionyesha alama kwenye mguu wake: chini ya goti. Wakati wa masika je? Akasema masika ukijaa hata ng'ombe hapiti, watu wanasubiri upungue, tena upande ule kuna mama anauza chai.

Nikaenda Gerezani, Kariakoo. Muuzaji mmoja akanitazama usoni, akaona mtu anayetaka kuambiwa ndiyo. "Hii ya Hilux, mzee. Hilux ni Hilux." Nikalipa laki nne na nusu, nikarudi na boksi mapajani kwenye basi kama nimebeba mtoto mchanga. Fundi wa mtaani alikuja Jumamosi. Snokeli huja na karatasi ya ramani. Unaibandika kwenye madigadi, unaweka alama, kisha unatoboa, na tundu lenyewe linaingia ngumi. Fundi alibandika ile karatasi, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto. Drili ilikuwa tayari inanguruma mkononi. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

Fundi akazima drili. "Mzee, hii ni ya Vigo. Gari yako ni Revo."

Hilux Vigo ni toleo lililoingia sokoni kati ya mwaka 2004 na 2005, na Revo ndilo lililolirithi mwaka 2015. Madigadi yake hayafanani hata kidogo. Nililijua hilo. Mtu yeyote aliyekesha na Waaustralia analijua. Yule fundi nilimpa nauli na soda, na mpaka leo nasema ndiye mtu mwaminifu kuliko wote kwenye kisa hiki, kwa sababu angeweza kutoboa.

Springi na matairi, kwa bahati mbaya, vilifaa. Gari lilinyanyuliwa inchi mbili, kisha nikatoa matairi yaliyokuja nalo, 265/65R17, nikavalisha 285/70R17 yenye meno kama ya trekta. Kwa jumla paa lilipanda karibu sentimita nane. Nikikata kona kali tairi lilikwaruza plastiki za ndani ya madigadi, krrr, na mimi nikaongeza sauti ya redio.

Wiki hiyo mama mkwe alikuja mjini kupimwa macho, na jioni ilikuwa tumrudishe. Ni mtu mzima, mfupi, goti moja linamsumbua. Nikamfungulia mlango wa nyuma kwa heshima zote. Akakiangalia kiti, akaangalia chini, akakiangalia kiti tena.

"Mwanangu, gari hili wiki iliyopita nilipanda mwenyewe."

"Ndiyo, mama. Tumelinyanyua kidogo."

"Mmelinyanyua kwa ajili ya nani?"

Hapo mtu mwingine angemshika mama kiunoni akampandisha. Mkwe hamshiki mama mkwe kiunoni, jambo hilo halipo. Mke wangu naye alikuwa na mzigo kichwani. Tukabaki tumesimama, watu wazima watatu na gari, majirani wakiwa wameanza kupata sababu za kufagia nje. Mmoja wa pacha akakimbilia jikoni, akarudi na kigoda cha kukalia wakati wa kumenya ndizi. Mama akakanyaga kigoda, akashika mlango, akapanda. Kigoda kikaingizwa garini kwa sababu na kushuka kulikuwa kunamngojea.

Safari hiyohiyo, kabla hatujafika Sangasanga tunapoacha lami ya barabara ya Iringa, nikasimamishwa na trafiki. Kibao cha 50 nilikiona na mshale wangu ulikuwa kwenye 50; ninaapa, na mama mkwe ni shahidi. Afande akanionyesha tochi: 54.

"Afande, mshale wangu ulikuwa hamsini."

"Mshale wako, mzee. Tochi ni yangu."

Elfu thelathini. Nilinung'unika mpaka pacha wa pili, aliye na hesabu nzuri, akaniomba vipimo vya tairi la zamani na la sasa. Akapiga hesabu kwenye ukurasa wa nyuma wa lile daftari. Kipenyo kimetoka sentimita 77.6 mpaka 83.1. Kila mzunguko mmoja gari linakwenda mbele zaidi kwa asilimia 7, na mshale hauna habari, unahesabu kama vile matairi ni yaleyale. "Kwa hiyo ukiona hamsini, baba, ni hamsini na tatu na nusu." Mama mkwe aliuliza kama matairi hayo ndiyo yaliyofanya apande kigoda. Akaambiwa ndiyo. Hakusema neno tena mpaka Langali.

Ningeacha hapo. Ila ngao ilikuwa imeshachomelewa na winchi ilikuwa njiani.

Winchi yangu ilikuwa ya ratili 9,500, ambazo ni kilo 4,300 hivi. Inatakiwa ivute angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari, na hapo nilikuwa salama. Lakini sikuwa na mahali pa kukwama nikaijaribu. Nyuma ya nyumba kuna kisiki cha mfenesi, mti uliokatwa kabla sisi hatujahamia. Jumapili baada ya kanisa, mke wangu akiwa bado kwenye kwaya, nikafunga ndoano kwenye kisiki, nikasimama pembeni na rimoti mkononi, pacha wamekaa juu ya tofali kama wako uwanjani.

Sheria ya winchi ni moja tu: kilicho chepesi ndicho kinachotembea. Kisiki kilikuwa na mizizi ya miaka mingi. Pikapu ina tani mbili na kidogo, nilikuwa nimeiacha huru bila gia, na breki ya mkono sikuwa nimeivuta. Waya ukakaza, ukalia kama gitaa, na gari likaanza safari. Lilikwenda kwa adabu, polepole, halina dereva. Lilipita kwenye kamba ya kuanikia likaondoka na sare za shule nne na shuka la kitanda kikubwa. Ngao ikaushika mti wa kamba na kuung'oa safi, kazi ambayo kisiki kiliikataa. Mimi nilikuwa nabonyeza rimoti. Kumbe kidole kilikuwa kwenye kitufe cha kuvuta, na kadiri nilivyoingiwa na hofu ndivyo nilivyokibonyeza. Gari lilisimama lilipobusu kisiki. Shuka lilikuwa limefunika kioo cha mbele kama gari la maharusi.

Mke wangu aliporudi hakuuliza kitu. Alifua upya. Usiku akachukua daftari, akachora mstari katikati ya ukurasa.

"Kitabu cha gari kinasema inabeba kiasi gani?"

"Karibu tani moja."

"Haya. Ngao?"

"Kilo sitini."

"Winchi?" Arobaini. Hema sitini, keria thelathini, betri ya pili ishirini. Tangi la pili na dizeli yake tisini. Kibanda cha nyuma themanini. Akajumlisha: 380, na zaidi ya nusu yake ilikuwa bado haijanunuliwa.

"Sasa watu. Watano, weka kilo sabini sabini."

"Watu nao ni mzigo?"

"Wewe huna kilo?"

Ikawa 730. Akatoa kwenye 1,000, zikabaki 270. Gunia la viazi la kilo mia, achilia mbali lumbesa, linaingia mara mbili na kiroba kidogo. Akafunika kalamu. "Tumekopa mamilioni yote haya kupeleka sokoni gunia mbili na nusu, Baba Pacha. Bodaboda wawili wanazimaliza."

Nilitaka kulitetea hema, maana nimeyaona juu ya magari ya watalii yanayokwenda Mikumi, wanalala huko juu kama wafalme. Akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa kama nina mpango wa kulala juu ya gari hatua ishirini kutoka nyumbani kwa mama yake. Hema likafutwa.

Ngao ilitoka kwa sababu nyingine. Fundi wa gereji niliyempelekea mkwaruzo wa kisiki aliuliza aliyeichomelea alifanyaje kuhusu mifuko ya hewa. Mifuko ile hufunguka kwa kutegemea vihisi vinavyopima mshtuko, na bomba la mtaani lililofungwa kwenye chesisi linaweza kubadilisha jinsi mshtuko unavyovifikia. Zipo ngao zilizotengenezwa na kupimwa kwa magari ya namna hiyo. Yangu ilipimwa kwa macho. Hapo sikubishana, kwa kuwa nyuma yangu hukaa watoto.

Siku tuliyokwama kweli ilikuwa mwezi wa nne, kupita Langali, kwenye ule udongo mwekundu unaogeuka sabuni. Winchi ilikuwa imeshapata mnunuzi. Vijana wawili walikuja na jembe, wakachimba mbele ya matairi. Mimi nikapunguza upepo mpaka 20, tairi likatandaza tumbo, gari likatoka lenyewe. Pampu ya kurudishia upepo haikuwa kwenye orodha yangu pia. Tulishuka mwendo wa konokono mpaka kwa jaza upepo wa kwanza, na kabichi zikalowa njia nzima kwa sababu turubai lilikuwa bado halijanunuliwa.

Sasa lipo. Turubai, kamba mita thelathini, jembe la mpini mfupi, pampu ya kuchomeka kwenye betri na bati la kukinga sampo kwa chini. Jumla havifiki kilo hamsini. Matairi ya kiwandani yamerudi, nilikuwa nimeyahifadhi kwenye banda la kuku. Springi zimebaki zilivyo, maana kuzishusha ni pesa nyingine, na kigoda kiko nyuma ya kiti cha dereva. Mama mkwe akiona gari linakuja huanza kukiulizia kabla ya salamu.

Iliyobaki ni snokeli. Ni ya Vigo, haijawahi kufungwa, iko kwenye boksi lake pamoja na ile karatasi ya ramani, ina alama ya gundi pembeni tu. Kama una Vigo na mto wako unapita goti, nitafute. Bei inazungumzika, ila mazungumzo ni na mke wangu.