Ombi la Kuuziwa Mkaguzi Feki

Kwenu wakubwa mnaopambana na bidhaa bandia,

Shikamooni. Natumaini barua hii itawakuta salama, taa zinawaka, na nyaya za kwenu ni za shaba.

Mwezi uliopita nilinunua roli la waya Kariakoo. Limeandikwa milimita 2.5, shaba tupu, stika ya ubora inang'aa. Wiki ya pili, saa nane usiku, soketi ya chumba cha watoto ikashika moto. Fundi alipoukwangua ule waya kwa wembe, wekundu ulibanduka kama rangi ya kucha. Chini yake alumini nyeupe, nyembamba kama njiti. Nikawaletea kipande kilichoungua. Kijana wenu wa mapokezi akaniuliza lile swali lenu la siku zote: "Mzee, kwani hukukagua kabla ya kununua?"

Kosa langu. Niliingia dukani bila wembe wala maabara.

Tumeshazoea. Usiku wa Juni 16, 2016, simu feki zilipozimwa nchi nzima, waliobonyeza *#06# kukagua simu zao huku wakitoka jasho ni wanunuzi. Simu zilizozimwa zetu, hela zilizopotea zetu. Aliyezishusha bandarini sijasikia kama naye amezimwa.

Soketi ile ilipowaka, wanangu wawili walikuwa wamelala chumba kile. Mngekuja msibani kuniuliza kama na majeneza nimeyakagua?

Niwieni radhi, nimepandisha sauti mbele ya wakubwa.

Ombi langu ni dogo: naomba kibali cha kuagiza mkaguzi feki. Orijino nimemsubiri mpaka nimechoka. Huyu wangu aje kwenye boksi, kitambulisho kimeandikwa "Mkagusi", muhuri wake ufutike kwa mate. Najua hatadumu. Mvua ya kwanza itamchujisha shati, na akiinama mshono utaachia. Si neno, miezi mitatu inanitosha. Katika miezi hiyo ataingia duka kwa duka, atakata waya, atachungulia ndani, ataandika alichokiona. Tena ana sifa moja ambayo orijino hana: kama suruali zote za kopi, mifuko yake ni ya urembo tu, imeshonwa juu, haipitishi hata noti moja. Akiharibika tutamrudisha dukani, na nyinyi mtatuuliza kwa nini hatukumkagua.

Mengine ni madogo. Siku mkiteketeza shehena mbele ya kamera, tualikeni na sisi tuote moto. Na ile Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, kama miguu bado inambeba bibi yetu huyo, mleteni Kariakoo atembezwe.

Ni mimi mnunuzi wenu, asiye makini.

Nyongeza: jana nimepita pale dukani. Maroli yale yale yametundikwa pale pale, stika zile zile. Bei imepanda shilingi elfu tano.