Geji Zinazosema Kweli

Mtu akikushauri ubadilishe geji za dashibodi ya pikapu yako ya zamani, mwulize kwanza kama yeye anayo pikapu. Anayenishauri mimi hana hata baiskeli. Anaishi kwangu, anakula kwangu, na karo ya chuo alikosomea umeme ilitoka mfukoni mwangu. Ni kijana wangu wa pili, na bado najiuliza kama ile karo haikuwa bora ninunue nayo matairi.

Pikapu yenyewe ni Peugeot 504, lakini hapa Baba Dogo ukitamka hivyo watadhani unasoma risiti. Ni Pijo. Wafaransa waliitoa 504 mwaka 1968, na hata walipoacha kuunda ile sedani kwao mwaka 1983, huku Kenya tuliendelea kuunganisha magari ya jina hilo kwa miaka mingi. Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504 mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas akarudia mwaka 1978. Nataja haya ili ujue tunazungumzia gari lenye ukoo, hata kama mlango wake wa abiria unafungwa kwa kamba.

Dashibodi yake niliirithi ikiwa na tabia zake. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala katikati na haukuamka kwa ajili ya mtu yeyote. Wa joto ulikufa mikononi mwa mwenye gari aliyenitangulia, bwana aliyekuwa na mazoea ya kukata kila waya asioufahamu. Wa mwendo ulitetemeka kati ya 60 na 90, nami kwa heshima ya gari nilisoma 90. Nikitaka kujua mafuta, niliegemeza bega ubavuni, nikaitikisa, nikasikiliza petroli inavyopiga ukuta wa tangi. Joto nilijua kwa pua. Hatukuwahi kukosana.

"Mzae, hii dashi inatuaibisha mtaani," kijana akaniambia.

Mtaa gani huo unaoaibika? Baba Dogo hii ya malori ya viwandani, ambako mkokoteni ukikukwaruza mwenye mkokoteni ndiye anayekudai fidia? Lakini vijana wa siku hizi hawabishani. Wanakuonyesha video kwenye simu hadi uchoke. Tukaenda Grogan.

Grogan ni lile bonde la speya kando ya Barabara ya Kirinyaga, na jina limebaki la Ewart Grogan, Mwingereza aliyesafiri kutoka Cape hadi Cairo, sehemu kubwa kwa miguu, akafika mwaka 1900. Alivuka bara zima bila geji hata moja. Leo bonde lenye jina lake limeniuzia geji nne kwenye boksi moja: mafuta, joto, volti, na ya mwendo inayosoma setilaiti. Nyuso nyeusi, mishale myekundu, na usiku zinawaka zambarau kama matatu ya nganya. Nikishika usukani baada ya saa moja jioni, nasubiri konda anidai nauli.

Fundi wa waya tulimpata Kariobangi Light Industries. Alijilaza chini ya usukani, miguu ikabaki nje, akaanza kunifundisha kutoka humo gizani. Geji ya mafuta, akasema, haijui mafuta. Ndani ya tangi kuna boya. Likipanda na kushuka linasogeza kijimkono juu ya kipande cha waya chenye ukinzani, na geji inachosoma ni ule ukinzani, kwa kipimo cha omu. Shida ni kwamba walimwengu hawakukaa kikao. Geji nyingi za Kimarekani huhesabu omu 240 kuwa tangi tupu na 33 kuwa limejaa. Nyingi za Ulaya huhesabu 10 kuwa tupu na 180 kuwa limejaa. Yaani njaa ya huyu ndiyo shibe ya yule.

Somo lilikuwa zuri, ila lilikuja baada ya mtihani. Boya langu liliwahi kubadilishwa zamani na kuwekwa la mtindo wa Ulaya, na geji ya kwenye boksi ilikuwa ya mtindo wa Marekani. Kijana alikuwa ameshaziunganisha, mshale ukaruka hadi juu, ukaganda hapo. Tangi limejaa! Nikalitikisa gari kwa bega, sikusikia chochote, lakini nani anasikiliza bega siku hizi? Pijo ilizima kwenye Outer Ring. Tulipoisukuma hadi kituo cha petroli nikaweka ya elfu moja, mshale ukashuka kidogo. Nikaweka ya elfu moja nyingine, ukashuka tena. Mhudumu akainama chini ya gari kutafuta linapovuja. Katika mji ambako lita ya petroli iliwahi kufika shilingi 211.64, ile Septemba ya 2023, usimwonyeshe mtu mshale unaoshuka huku analipa. Foleni nyuma yangu ilianza kutoa maoni, na mmoja akapendekeza nizidi kuweka hadi ifike sufuri.

Boya likabadilishwa. Kisha betri ikaanza kufa.

Hapa pia kuna elimu, na nimeilipia, kwa hiyo itumie. Kijana alikuwa ameng'oa balbu zote za zamani akaweka za LED, pamoja na kale kataa kekundu ka chaji. Kumbe kwenye altaneta nyingi za zamani, umeme mdogo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta ianze kuchaji. Balbu ya zamani ina ulafi wa kutosha kupitisha umeme huo. LED inakula kidogo mno, na altaneta inabaki imelala. Nikawa na dashibodi inayong'aa kuliko zote mtaani, ndani ya gari linaloanza kwa kusukumwa. Vijana wa base pale kona walinisukuma kila asubuhi, na kila asubuhi waliisifu rangi ya zambarau. Fundi akairudisha balbu ileile ya zamani, akanitoza kana kwamba ameileta kutoka Paris.

Ya mwendo sitaisema sana kwa sababu inaniuma. Sheria za kimataifa za magari zinaruhusu kipima mwendo cha kawaida kionyeshe zaidi ya mwendo halisi, lakini kamwe kisionyeshe pungufu. Setilaiti haina huruma hiyo. Ile 90 yangu ya Thika Road, niliyoisimulia kwenye harusi na matanga, imegundulika kuwa 71, na hapo ni mteremko.

Joto nalo sasa nalijua. Zamani tulipanda kuelekea Limuru tukipiga hadithi. Siku hizi macho yangu yako kwenye ule mshale. Ukisogea kidogo natoka jasho, ukisogea tena nasimama kando, na abiria wanauliza tunasubiri nani.

Lakini haya yote ningeyavumilia kama geji hizi zingenisaidia mimi peke yangu. Mwenye pikapu Baba Dogo ni mjomba wa kila mtu. Mwisho wa mwezi kuna anayehamia Lucky Summer na anayeikimbia Lucky Summer. Kuna mwenye sofa, mwenye tangi la maji, wa kamati ya harusi anayetaka viti mia vifike kabla ya mchungaji. Na neno "kukodi" hawalijui. Wanalojua ni "tutaongea". Siku wakichangamka zaidi wanasema "nitakuonea kitu", na miaka yote niliyoishi hapa sijawahi kuonewa hicho kitu.

Ule mshale uliokufa ulikuwa ngao yangu. Jirani akija, nilinyoosha kidole kwenye dashibodi kwa huzuni: "Unaiona? Sijui hata kama nitafika Allsopps." Aliyekuwa na shida ya kweli alirudi na jerikeni ya lita tano, tukaenda. Aliyekuwa anajaribu bahati alikumbuka binamu yake ana Probox. Ulikuwa utaratibu wa haki, na haukuhitaji mzee wa mtaa.

Sasa jirani anaingiza kichwa dirishani kabla hajasalimia. "Nusu tangi, mzee! Kumbe tuko sawa." Utasema nini? Utamwambia geji inadanganya, wakati kijana wako yuko pembeni anaeleza watu, bila kuulizwa, kwamba hii ni geji ya kisasa na imepimwa kwa omu? Nimejaribu kuiwekea kitambaa. Wakakisifu kitambaa, wakakifunua.

Na nyumbani hali si tofauti. Mama watoto hakuwahi kujali dashibodi. Sasa anaisoma asubuhi akipanda na jioni akishuka, na hesabu yake haikosei. "Baba, jana uliiacha robo tatu. Kanisani na kurudi ni robo?" Mimi ni mtu mzima. Kuna mahali mtu mzima hupitia akitoka kanisani, na hapo awali mahali hapo palikuwa kati yangu na Pijo.

Jumamosi hii jirani wa ghorofa ya tatu alikuja akiwa ameshashusha friji ngazi zote, akaiegemeza kwenye bodi ya gari, ndipo akanibishia mlango. Anahamia Kasarani. Akachungulia dirishani, akasoma mafuta, akasoma joto, akasoma volti 14 kwa sauti, kama daktari aliye kwenye zamu.

"Kila kitu kiko poa, mzee. Tupakie?"

Nikamwambia ningependa sana, ila breki zinasumbua.

Uso ukamchangamka. Shemeji yake ni fundi wa breki pale Light Industries, na kabla sijapata neno alikuwa ameshampigia simu. Anakuja Jumapili mchana. Kwa kuwa sasa sisi ni familia, kazi ni bure, mimi nitanunua speya tu. Friji imebaki kwangu hadi hapo.