Shangazi Anajibu: Kimebaki Kifungo Tu

Shangazi, shikamoo. Nimempelekea fundi kitenge yadi 6, hii ni wiki ya 5. Kila nikienda ananiambia kimebaki kifungo tu. Kicheni pati ni Jumamosi. Nifanyeje? – Mwenye Kitambaa, Temeke

Marahaba, mwanangu. Hapa mjini wanaojua kushona ni wengi. Anayejua kushonesha nimebaki mimi. Harusi moja pale Magomeni niliingia na gauni la mabega ya puto, MC akasema "tusimame tumpokee bibi harusi", ukumbi mzima ukasimama ukanitazama mimi. Bibi harusi alikuwa bado yuko saluni. Picha ninazo, ila hilo tuliache.

Tuje kwenye kifungo. Je, gauni lako si la zipu mgongoni? Basi kifungo kinatoka wapi? Kitambaa bado kimekunjwa vilevile ulivyokileta, na mwanafunzi wa fundi anakilalia mchana. Na "njoo kesho" ya fundi usiihesabu kuwa ni tarehe. Ni salamu ile, inaitikiwa "haya, asante".

Lakini usimchukie, hawa watu wametoka mbali. Mwaka 1830 Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipata hataza ya cherehani. Mwaka uliofuata mafundi wa Paris wakamvamia karakana, wakazivunja mashine kwa kuhofia kukosa kazi. Wangeniuliza mimi ningewaambia wamwambie tu aje kesho, mashine zingekufa kwa kutu. Hawakuniuliza, na mwaka 1851 Isaac Singer wa Marekani naye akapata hataza yake, ndiyo mpaka leo jina lake linakanyagwa barazani. Kisa hiki nilikisimulia saluni kwa utamu mkubwa, msusi akanisuka njia 3 kushoto na 5 kulia. Wiki ile ile nikaona wanawake wawili wameniiga.

Nilikuwa nasema nini? Yadi. Yadi 6 ni kama mita 5 na nusu. Gauni la kubana la mtu wa umbo langu (umbo la chupa, nimeambiwa, na aliyeniambia alikuwa na macho yake yote) halimalizi yadi 4. Kwa hiyo baki iulizie, hata kama mtoto wa fundi anakwenda madrasa na shati linalofanana mno na shughuli yako. Na kitenge cha pamba hunywea. Ulikiloweka kabla ya kukipeleka? Mimi changu nakiloweka siku 3 na kukiimbia taarabu, kinyooke roho. Angalia pia mchoro. Kuna vitenge vyenye juu na chini, na fundi mwenye haraka atakukatia kuku wakitembea kichwa chini.

Siku ya kupimwa usibane tumbo. Mimi sijawahi, tumbo langu liko hivyo lenyewe. Vaa sidiria utakayoivaa siku ya shughuli, na mwambie fundi aache akiba ya inchi 1 kila upande ndani ya mshono, maana pilau haina huruma.

Dawa yenyewe sasa. Kesho alfajiri beba kigoda, chupa ya chai na shangazi mwenye sauti (nipo, nauli juu yako). Kaa mlangoni kwa fundi. Kila mteja anayekuja mkaribishe kwa upole: "Karibu mpenzi, mimi ni wa wiki ya 5." Adhuhuri haifiki, cherehani italia kama pikipiki. Siku nyingine mtajie tarehe iliyo wiki 2 kabla ya shughuli, na salio likae kwenye pochi mpaka ulijaribu gauni mwilini. Mimi mwenyewe kuna fundi ameniwekea kitambaa changu cha kijani, ila kwa hadhi yangu sitasema zaidi. Haya, barua ya pili, upesi, nafasi inaisha.

Shangazi, mimi ni fundi, Ilala. Kuna mama aliniletea kitambaa cha kijani. Nimempima mara 6, zote kabana tumbo. Gauni limetundikwa tangu Idi, haji, salio halipi, simu hapokei. Nasikia anaandika gazetini. Nifanyeje?

Ndugu fundi, njoo kesho.