Maombi ya Kuusajili Mto Rufiji kuwa Mamlaka ya Serikali za Mitaa

Kwa Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), Dodoma

Kwa heshima zote zinazostahili ofisi yenye jina refu kuliko baadhi ya madaraja yake, barua hii inawasilisha maombi kwamba Mto Rufiji, ambao kwa sasa unaendesha shughuli zake huko Mohoro bila cheti, bila muhuri na bila mwenyekiti, usajiliwe rasmi kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, kwa kuwa tayari unatekeleza sehemu kubwa ya majukumu ambayo sheria hiyo imewakabidhi wengine.

Ibara ya 145 ya Katiba inaanzisha serikali za mitaa, na Ibara ya 146 inaeleza kwamba madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa msingi huo kila kijiji kina mkutano mkuu, yaani kikao cha wakazi wote waliotimiza miaka 18, pamoja na halmashauri ya kijiji yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25. Juu yao ipo kata, na juu ya kata ipo halmashauri ya wilaya, ambayo madiwani wake huchaguliwa na wananchi ilhali mkurugenzi mtendaji wake huteuliwa na Rais. Mto hauna muundo mzuri kama huo. Hata hivyo, unapoitisha mkutano mkuu hakuna anayetuma udhuru, na akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa ili kikao kiwe halali, hutimia kabla ya alfajiri.

Katika ugawaji wa ardhi, uwezo wa mwombaji hauna shaka. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, lakini mto hula ukingo huku na kuongeza mchanga kule, na mwishoni mwa miaka ya 1970 uliyahamisha maji mengi ya delta kutoka matawi ya kusini kwenda ya kaskazini bila Tangazo la Serikali, miongo kadhaa kabla Wilaya ya Kibiti haijamegwa kutoka Rufiji. Katika fedha, ruzuku ya serikali kuu huja kwa mafungu, ilhali ruzuku ya mto ni tope lenye rutuba linalobaki bondeni maji yakipungua, nalo ndilo linalowezesha kilimo cha mlau, ambacho ni upandaji wa mahindi, kunde na mazao mengine katika unyevu ulioachwa na mafuriko. Ni kweli kwamba ushuru wa mwombaji ni mkali, na kwamba ipo miaka ambayo hutwaa shamba zima pale ambapo halmashauri ingeridhika na asilimia chache za mazao. Ila haijasikika kwamba mto umewahi kujenga geti la ushuru barabarani na kudai stakabadhi.

Kuhusu uzoefu, Wizara inakumbushwa kwamba Mohoro yenyewe iliwahi kuwa makao ya utawala, enzi za Wajerumani, na kwamba tarehe 4 Agosti 1905 ndipo aliponyongwa hapo Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe ambaye dawa yake ya maji iliipa jina Vita ya Maji Maji. Kosa lililotajwa lilikuwa uhaini, ingawa mtu mwenye ulimi mkali angesema kwamba hasa alikuwa akigawa maji bila kibali. Baadaye makao yakahamia Utete, na mto ukabaki. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali ilifanya Operesheni Rufiji, iliyowahamisha wakazi wa bondeni na kuwapeleka katika vijiji vya nyanda za juu. Wakulima wakahama kama walivyoamriwa, kisha msimu wa kilimo ulipofika wakateremka tena kulinda mazao yao wakiwa juu ya madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa kwa nguzo. Mwaka 1972 halmashauri zote za wilaya zilifutwa, zikaja kurudishwa kwa sheria za 1982, na kwa muda wote huo mwombaji hakukosa hata masika moja kazini. RUBADA, mamlaka iliyoundwa mwaka 1975 ili kuliendeleza bonde hili, ilivunjwa mwaka 2017. Mto haukualikwa kwenye makabidhiano.

Linabaki jambo moja linaloweza kuleta pingamizi, nalo ni kwamba tangu Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, mto nao umepata mkurugenzi wa kuteuliwa. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Rufiji na Kibiti, yakaua watu, yakabomoa nyumba na kuzamisha mashamba, wakazi wengi walinyoosha kidole kwenye malango ya bwawa, huku wahusika wakieleza kwamba chanzo ni mvua za El Niño na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Barua hii haiamui ugomvi huo. Inaona tu kwamba malango ni ya shirika la umeme, bodi ya maji ya bonde ina makao Iringa, halmashauri ina makao Utete, Wizara iko Dodoma, na maji yenyewe ndiyo pekee yaliyofika Mohoro. Na kwamba katika ngazi zote zilizoelezwa hapo juu, kuanzia mkutano mkuu wa kijiji hadi baraza la madiwani, hakuna hata moja yenye neno juu ya lango.

Wizara ikitaka mfano wa nje, huko Australia Magharibi ipo halmashauri iitwayo Murchison, yenye eneo kubwa kuliko Mkoa wote wa Pwani, wakazi wasiofika 200, na isiyo na mji hata mmoja. Katiba ya Australia haizitaji serikali za mitaa popote, na kura za maoni za 1974 na 1988 zilizokusudia kuzitambua zilishindwa. Hata hivyo halmashauri hiyo ina barabara zake za vumbi na greda la kuzichonga. Tanzania imechagua njia yenye hadhi zaidi, kwa kuiandika halmashauri ndani ya Katiba na kisha, mwaka 2017, kuzikabidhi barabara za wilaya kwa TARURA, wakala usio na diwani.

Kwa hiyo inaombwa kwamba mwombaji apewe muhuri, na madiwani waruhusiwe kuhudhuria vikao vyake kama wasikilizaji, utaratibu ambao hautawahitaji kubadili lolote. Endapo maombi yatakataliwa, Wizara inaombwa jambo jepesi zaidi: vijiji vya bondeni vipewe kiti mahali ambapo ufunguaji wa malango huamuliwa, na taarifa ya maji ifike kijijini kabla ya maji.

Majibu yakitumwa kiangazi yataletwa na bodaboda. Yakichelewa hadi masika, bahasha ikabidhiwe kwa mwenye mtumbwi, na nauli ilipwe na mtumaji.

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, Utete, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, Iringa, Mto Rufiji, popote ulipo kwa sasa.